Msimamizi wa Daraja la Mtaroni

Jumatatu, 3 Machi
Mtaa umekubaliana kujenga daraja dogo la zege juu ya mtaro kabla ya mvua. Mbao za sasa zimeoza, na juzi nusura mama mkwe atumbukie akienda zahanati. Kila nyumba itoe mwanamume mmoja wa kuchimba. Yetu ina mimi. Kuchimba! Mwanamume kamili anaongoza. Nimenunua filimbi.

Jumatano, 5 Machi
Nimejitangaza msimamizi. Kinyozi, anayeutaka uenyekiti wa mtaa kama mimi, kaja na sururu, kavua shati. Kujionyesha tu! Nilipuliza filimbi, hakugeuka hata mmoja. Mke wangu akauliza nyumba yetu inachimbiwa na nani. Nikamtajia mgongo wangu unaouma. Akajifunga kibwebwe, akaingia mtaroni. Wanawake wa siku hizi hawana subira.

Jumamosi, 8 Machi
Asubuhi wamemwaga zege. Mikono ya mke wangu imechubuka. Mama mkwe kaniuliza mbele ya watu kama kupuliza nako kunachosha. Nimeumia, sikatai.

Mchana nikaenda kuhutubia juu ya daraja, suti na viatu vya harusi. Kinyozi kaziba njia kwa matawi ya miiba ili nisipande. Husuda! Nikayaondoa. Mada: mwanamume ndiye nguzo ya jamii. Watu wakapiga kelele na kupunga mikono. Nikadhani shangwe. Kufika kwenye "nguzo", nikagundua nimekuwa mfupi. Zege bichi! Mke wangu na kinyozi walinivuta, viatu vikabaki. Daraja limebomoka upande mmoja.

Jumatatu, 10 Machi
Mvua imekuja mapema. Mama mkwe ilikuwa lazima afike zahanati. Mke wangu kambeba mgongoni, maji yakimfika mapajani. Nilisimama ukingoni na mwavuli, nikiwaelekeza. Niliona aibu. Ilidumu mpaka chai.

Jumapili, 16 Machi
Upande uliobomoka umemwagwa zege upya, daraja limekamilika, mama mkwe kavuka mwenyewe, polepole. Kisha mtaa ukachagua mwenyekiti. Mke wangu! Kinyozi ndiye aliyempendekeza, na akapiga makofi kuliko wote. Mjinga, hajui kashindwa.

Nilijua tu uongozi utaangukia nyumba yangu. Nimeshaanza kumwandikia mke wangu hotuba ya shukrani: "Ndugu wananchi, daraja hili tumelijenga mimi na mume wangu, hasa mume wangu."