Mteja Yeyote Aweza Kuwa Mtafiti

Shirika letu la serikali la Vinywaji vya Zabibu lina heshima kuutangazia umma kwamba limekubali kuchunguzwa. Halikufanya kosa lolote. Shakila na Obedi, wanafunzi wa biashara kutoka chuo cha Chimwaga, walihitaji kampuni ya kuchambua, la sivyo wasingehitimu, na kampuni nyingine zote zilikuwa na kazi.

Mimi, Naibu Mkurugenzi, niliwapokea pamoja na bosi wangu, Bwana Edward Chilongani.

"Shikamoo, mzee," alisema Shakila.

"Marahaba. Mmeshapata majibu?"

"Bado hatujauliza maswali."

"Ulizeni upesi. Majibu tumeshayaandaa."

Bosi akawapa kijarida chenye picha zake. Shakila akashukuru, akaeleza kwamba kijarida cha kampuni huisifia kampuni, hivyo watawasikiliza na wateja. Tena wanafunzi wenzao watakuja dukani kununua bila kujitambulisha.

Bosi akaacha kutafuna karanga. Mchana uleule akaagiza kwamba kila aingiaye dukani kwetu Makutupora ahesabiwe kuwa mtafiti mpaka ithibitike vinginevyo.

Utekelezaji ulitukuka. Zaitun wa kaunta, aliyezoea kuhudumia wateja huku amewapa mgongo, sasa alisimama mlangoni. Bibi mmoja wa Chemba aliingia kukwepa jua. Akapewa kiti, juisi baridi ya kuonja na pole ya safari.

"Unasoma mwaka wa ngapi, bibi?" Zaitun aliuliza kwa adabu.

"Mimi? Wanaosoma ni wajukuu zangu."

"Sawa, bibi. Hatutasema."

Bibi akanunua katoni nzima. Habari zikafika Miyuji kwamba kuna duka la serikali linasalimia watu. Watu wakafurika, ghala likabaki tupu. Bosi alikuwa akichungulia dirishani, jasho linamtoka.

"Hicho chuo kina wanafunzi wengi mno," alininong'oneza.

Siku ya kuwasilisha matokeo, Bodi nzima ilihudhuria. Obedi alieleza kwamba wao wawili walikaa nje ya geti wakiwahoji waliokuwa wanatoka.

"Na wale wenzenu walioingia kwa siri?" aliuliza bosi.

"Hawakuja, mzee. Walikuwa na mitihani."

"Sasa wale wote walikuwa nani?"

"Wateja."

Mwenyekiti wa Bodi, Mama Cecilia, alivua miwani. "Kabla ya hapo walikuwa wapi?"

"Hapohapo nje, mama," alisema Shakila. "Walikuwa wanaogopa kuingia."

Mama Cecilia alicheka mpaka akaomba maji. Kisha akamgeukia bosi wangu.

"Bwana Edward, woga wako umeliokoa shirika. Ni rasilimali. Hatuwezi kuiacha ikae ofisini."

Jumatatu Bwana Edward alianza kazi kaunta, amevaa suti. Mimi nikakaimu nafasi yake. Kijana mmoja akaingia, akanunua juisi, kisha akaomba kumwona bosi. Bwana Edward akaweka tai yake sawa, kwa mazoea tu.

"Bosi yuko kikaoni," nilimwahi kijana, nikiwa nimeshuka dukani kukagua. "Huyu atakusikiliza."

Nikarudi ofisini kuendelea na kikao. Nilikuwa peke yangu, na akidi ilitimia.