Propela ya Kuazima Kimya Kimya

Jumatatu, 5 Agosti

Nimeanza shajara. Marubani wakubwa wote huandika, na mimi nimechelewa kwa sababu ya kuruka sana.

Habari ya leo ni mbaya. Mama Mwenyekiti wa chama chetu cha ndege ndogo kapita mabandani asubuhi, miwani puani. Katangaza kwamba Jumapili kila mwenye ndege ataruka mzunguko mmoja mbele ya kamati. Asiyeruka, ndege yake itoke bandani, wapo wanaosubiri nafasi. Alisema "kila mwenye ndege" lakini macho yalikuwa kwangu. Nikamwambia mzunguko mmoja ni kunidharau, mimi nimezoea kufika mawinguni na kurudi kabla chai haijapoa. Akasema hajawahi kuona hayo mawingu, ila chai anaiona sana. Watu wakacheka. Daktari wa Meno hakucheka. Alitabasamu tu. Hiyo ni mbaya zaidi.

Huyu Daktari banda lake limepakana na langu. Ndege zetu zilitoka kiwanda kimoja, ndani ya masanduku, tukaziunga wenyewe: kiti kimoja, mabawa ya kitambaa, injini puani. Mapacha kabisa. Ila yake inang'aa utadhani anaipiga mswaki.

Nyumbani nimemweleza Dada. Dada ni fundi cherehani, na mimi nakaa chumba cha uani kwake, kwa muda tu, tangu miaka ile. Hakunyanyua hata kichwa. Kasema ndege ikirudi uani, pale anapoanika vitambaa vya wateja, atakata mabawa ashone mikoba. Si utani, alisema. Kitambaa kile ni kizuri, hakipitishi maji. Mpwa wangu kwenye cherehani ya pili akauliza zipu ziwe rangi gani.

Familia hii haina anga ndani yake.

Jumanne, 6 Agosti

Wasiwasi wa nini? Ndege ninayo. Kuruka najua. Mwalimu wa urubani alinipa cheti kwa mkono wake mwenyewe, huku machozi yanamtoka. Alifurahi kwamba nimemaliza.

Shule ya kawaida niliiacha kwa hiari. Walimu walikuwa wananichelewesha.

Nimefungua propela niipige msasa na vanishi. Njiani nikapita nayo kwa kinyozi, kitu kizuri kionekane. Kinyozi akaiita pangaboi. Nikamsamehe. Nikawasimulia wateja jinsi mwewe alivyonifukuza siku ile juu ya mto, tukazungukana weee, mpaka akakubali kwamba mkubwa ni mimi. Mteja mmoja mwenye sabuni shavuni akauliza, Mjomba, alikubali kwa lugha gani? Nikampuuza. Nikaegemeza propela mlangoni ili niwe na mikono miwili ya kuonyesha mabawa.

Upepo. Mlango. Krak!

Ufa kutoka nchani hadi katikati. Propela ya mbao ikishapasuka haifai hata kufukuzia kuku. Nimewaambia ni ufa wa zamani, wa yule mwewe.

Jumatano, 7 Agosti

Siwezi kukaa. Chai nimeinywa nimesimama. Dada kasema nakanyaga gauni la mtu, nikazungukie nje. Nimezungukia nje. Mpwa wangu kaniuliza kama natafuta pa kutua.

Fundi wa propela kasema mwezi ujao, tena akipata mbao. Jumapili haitangoja mbao.

Lakini Daktari ana propela ya akiba! Inaning'inia ukutani bandani kwake kama picha ya harusi. Ndege ni mapacha, kwa hiyo propela ni ndugu. Nimwombe? Thubutu! Nimwombe mtu aliyetabasamu? Nitaazima kimya kimya, Jumatatu nairudisha, yeye hajui. Huo si wizi. Mwizi harudishi.

Ufunguo wa banda lake huning'inia msumarini, nyuma ya mlango wa kliniki. Niliuona siku niliyokwenda kumsalimia na kukagua. Mpango: kesho jino linaniuma. Akienda kunawa mikono, nachomoa ufunguo. Akirudi, jino limepoa. Asante Daktari, kwaheri.

Akili kama hii haifundishwi.

Alhamisi, 8 Agosti

Nimefaulu. Naandika hilo kwanza, mengine yafuate.

Nilikaa kwenye kiti chake kile cha kulalia, nikashika shavu, nikalia kidogo. Nikamwonyesha jino la nyuma, lililonijia kichwani tu. Daktari akachungulia, akagonga, akasema pole sana ndugu yangu, umevumiliaje? Limeoza mpaka mzizini. Nikamwambia sasa limepoa, kweli, limepoa kabisa. Akasema meno yote hupoa yakiona koleo.

Sindano. Koleo. Lo! Kwaheri jino, tumekua pamoja.

Ila alipokwenda kunawa, ufunguo ukaingia mfukoni! Aliporudi akasema nisiondoke, kinyozi kamweleza habari ya propela yangu, na yeye... Sikungoja. Mdomo umejaa pamba, shavu limekufa ganzi, halafu nikae nichekwe? Nikapunga mkono, nikatoka.

Jioni bandani kwake. Propela kaitundika juu mno, huyu mtu kila kitu chake lazima kiwe juu. Chini yake kulikuwa na kitu kirefu kimefungwa kwa magazeti, kimelazwa juu ya masanduku mawili. Nikakanyaga hapo, nikaifikia. Kitu kikalia krak. Mbao za takataka, bila shaka. Mtu msafi hivi anaweka takataka katikati ya banda! Nikafunga mlango, nikaondoka.

Ufunguo nilitaka mpwa wangu aurudishe kliniki, aseme kauokota mlangoni. Akajibu, Mjomba, mimi nasema uongo wangu tu. Nikauacha dirishani kwa Daktari mwenyewe.

Ijumaa, 9 Agosti

Bolti zimeingia zenyewe, kana kwamba zilizaliwa humo. Mapacha, nilisema! Propela yenyewe imejipinda kwa upande mwingine kidogo, si kama ile yangu. Toleo la kisasa.

Nimefunga mkia kwa kamba, nimeweka mawe kwenye magurudumu, nikawasha injini kidogo tu, kwa sauti ya chini. Ajabu! Propela yangu ya zamani ilikuwa inanipuliza usoni mpaka machozi yananitoka. Hii haipulizi. Upepo wake unakwenda mbele huko, kwa adabu, unamwachia rubani uso wake. Ndipo nikajua vitu vya wenye pesa vinavyotofautiana na vyetu.

Daktari kapiga simu asubuhi. Sikupokea. Kapiga tena. Nikaiweka simu chini ya mto wa kitanda, nikaukalia. Akatuma ujumbe kwamba nipite bandani kwake kabla ya Jumapili, ana kitu changu.

Kitu changu! Mtego mtupu. Anataka nijipeleke mwenyewe.

Kinyozi kauliza jino limekwenda wapi. Nimemweleza kwamba kuna mwendo fulani angani, ukiupita, jino dhaifu hubaki nyuma. Yule mteja wa sabuni alikuwepo tena. Sijui ndevu zake zinaota saa ngapi.

Jumamosi, 10 Agosti

Siku haisogei. Nimepangusa ndege. Nimepangusa tena. Pua ya ndege nimeifunika kwa shuka la Dada, nikawaambia watu ni kwa ajili ya vumbi. Kila gari linalopita nje ya kiwanja nadhani ni la Daktari. Moja lilikuwa lake! Nikajilaza chini ya bawa kama natafuta nati. Akagonga mlango, akaita kwa upole, akaondoka. Upole ule! Mtu mbaya sana huyu.

Nyumbani Dada alikuwa anaulizia shuka lake. Na mezani nimeona mikato ya karatasi, umbo la mkoba. Nimeuliza ni kazi ya nani. Kasema bado hajui, inategemea kesho.

Jumapili, 11 Agosti

Nitaandika ukweli kama ulivyotokea, ili vizazi visidanganywe na watu wa kamati.

Kamati ilikaa chini ya hema mwanzoni mwa njia ya kurukia. Meza, soda, kitambaa cheupe. Daktari kaanza. Karuka, kazunguka, katua polepole kama mtu anayeweka mtoto aliyelala kitandani. Wakapiga makofi. Mimi pia nilipiga, mara moja.

Zamu yangu. Dada na mpwa wangu wamekuja, Dada ana futi yake ya kupimia shingoni. Nikasukuma ndege mpaka mstarini, mkia kuelekea hema. Nikaondoa shuka dakika ya mwisho, nikapanda, nikawapungia. Ndege zetu hazina breki. Rubani wa kweli anakwenda mbele tu, breki za nini?

Nikawasha. Nikaongeza moto. Ndege ikatikisika, halafu mandhari yakaanza kusogea. Ila yalisogea vibaya. Mti uliokuwa mbali ukawa mbali zaidi.

Nikajua ni upepo mkali wa mbele. Dawa ya upepo wa mbele ni moto. Nikasukuma mkono wa mafuta mpaka mwisho. Mti ukazidi kukimbia! Kwa pembeni nikaiona soksi ya kuonyesha upepo, imelala kwenye mlingoti kama nguo mbichi. Nyuma nasikia Mama Mwenyekiti anaita, Mjomba, mbele! Mbele ni kule! Kana kwamba sijui mbele!

Halafu hema likatuvaa. Mimi, mkia, meza, soda na Mama Mwenyekiti.

Daktari ndiye aliyezima injini. Wengine walikuwa wanamtafuta Mwenyekiti ndani ya turubai. Alisimama mbele ya propela, akaishika ncha, akaitazama sana. Nikasubiri apige kelele. Hakupiga. Aliniambia kwa sauti ya chini, ile ya kliniki, kwamba hii ni yake. Injini yake ina gia, yangu ina mkanda. Zinazungusha propela pande tofauti. Propela yake kwenye injini yangu inavuta kinyumenyume.

Nikamwambia nilikuwa nalijua hilo, nilitaka kuwaonyesha kitu kipya.

Akaniangalia. Akasema kinyozi alipomweleza habari ya ufa, alimpigia rafiki yake, akampatia propela ya injini za mkanda, nzima kabisa. Aliifunga kwa magazeti akaiweka bandani anisubiri. Kanipigia simu tangu juzi. Jana akaikuta imevunjika katikati, ina alama ya kiatu.

 Nilisema shavu bado lina ganzi.

Mama Mwenyekiti alitoka na soda kwenye nywele. Hukumu yake ilikuwa fupi: ndege itoke bandani leo hii, nafasi yangu ina mtu. Dada tayari alikuwa anapima bawa la kushoto, mpwa anamshikia ncha ya futi. Nikaona mikoba. Kweli, niliiona, na mishikio yake. Nikaketi kwenye gurudumu.

Hapo Daktari akasema ndege ikae kwake, bandani mwake, nusu kwa nusu. Na akaomba Jumapili ijayo nipewe mzunguko mwingine, yeye ananidhamini. Mama Mwenyekiti akamuuliza kama amegonga kichwa mahali. Halafu akakubali, ila ndiyo mara ya mwisho. Nikishindwa, mwenye futi afanye kazi yake.

Jumatano, 14 Agosti

Nimehamia kwa Daktari. Nusu kwa nusu, anasema, lakini nusu yake ina dirisha. Nafuatilia suala hilo.

Dada kashona mkia upya, kwa kitambaa cha pazia lililobaki. Lina maua. Kashona kimya, vizuri, kisha kaniambia maua hayo ni ya mwisho.

Najiuliza kwa nini Daktari ananisaidia. Mpwa wangu kasema labda ni mtu mwema. Watoto wa siku hizi! Nimechunguza, nimepata jibu: anaogopa siku nitakayoanza kuruka kwa bidii.

Kwa kinyozi nimewaeleza kwamba mimi ndiye rubani wa kwanza kuwahi kwenda kinyumenyume kwa nguvu ya injini. Hakuna aliyebisha. Wote walikuwa wameinama, mabega yanatikisika. Heshima hiyo.

Jumamosi, 17 Agosti

Propela imefika! Daktari kaifuata mwenyewe kwa yule rafiki yake, ya injini za mkanda, mpya, inanuka vanishi. Hakuna nyingine kama hiyo huko ilikotoka, amesema. Kanikabidhi kwa mikono miwili. Kanisihi iende moja kwa moja kwenye injini, nisipite nayo popote, na kesho asubuhi atakagua bolti pamoja nami. Kanilazimisha nirudie maneno yake, kama mtoto. Nikarudia yote.

Lakini moja kwa moja kutoka kliniki hadi kiwanjani unapita kwa kinyozi. Hilo si kosa langu, barabara ndivyo ilivyochorwa. Na wale watu waliona ile iliyopasuka, sasa wasione nzima? Wabaki na picha mbaya kichwani?

Naandika haya hapa hapa kwa kinyozi. Wamekaa kimya wote wananisikiliza, hata wa sabuni. Nimefika pale mwewe anapogeuka na mimi nageuka. Hapa lazima mikono miwili, haiwezekani vinginevyo. Propela nimeiegemeza mlangoni. Mimi si mjinga, safari hii nimeuzuia mlango kwa kiti, hautikisiki.

Mteja kaingia. Kinyozi anauliza kama anaweza kupata kiti chake. Nimemwambia achukue tu, namalizia.