Makopo Kumi na Matatu ya Mlango wa Ofisi

Jumatatu, 7 Septemba 1998
Mchwa wamemaliza mlango wa ofisi! Imebaki fremu. Mkaguzi anakuja Ijumaa. Akiukuta hivi, mtihani wa darasa la saba unahamishiwa shule nyingine, na wanafunzi wangu watatembea kilomita tisa kwenda kuufanya. Mwalimu Mkuu Desderius ameamua tuupige bati la makopo ya mafuta ya msaada, kama wafanyavyo wakimbizi kule kambini Lukole. Akauliza, makopo mangapi? Mwalimu Petronila akafungua mdomo. Nikamwahi! Hesabu ni somo langu, na huyu mama analimezea mate darasa langu tangu Januari.

Jumanne, 8 Septemba
Nimepima kopo. Nusu kipenyo sentimita 7, kimo 26. Ubavu 1,144. Juu na chini 308. Jumla 1,452. Mlango sentimita za mraba 18,000. Gawanya: makopo kumi na matatu yanatosha na kubaki!
Fundi Manirakiza wa Lukole ameutazama mlango tu, akasema ishirini. Bila kalamu! Nikamuuliza katumia kanuni gani. Akasema yeye hukunjua kopo akaliona. Petronila akacheka. Kwa hasira nikaapa kwamba yakipungua, nivuliwe darasa la saba. Mwalimu Mkuu akaandika. Kwa nini aliandika?

Alhamisi, 10 Septemba
Tumepeleka ndizi Lukole, tumerudi na makopo kumi na matatu. Manirakiza amefunga fito, amekunjua makopo, amepigilia. Mabati yameisha, mlango uko wazi kuanzia magotini kushuka. Nikapiga kelele kwamba bado vifuniko na vitako, ishirini na sita! Tukavipigilia. Duara na duara hazikutani vizuri, kila mahali tundu. Kifaranga kimeingia ofisini mbele ya macho yangu.

Ijumaa, 11 Septemba
Nilisimama mbele ya matundu na koti refu. Nikamwamkia mkaguzi shikamoo, akaitikia, akaniomba nisogee. Nikasema mguu umekufa ganzi. Akasema atangoja. Akangoja kweli! Jasho likanitiririka mpaka viatuni. Mwisho nikasogea. Akainama, akachungulia, akaliona kabati la mitihani lote.
Kumbe Petronila alishamwagiza Manirakiza makopo mengine saba. Mkaguzi anakunywa chai, nyundo inalia. Mtihani umebaki. Ndipo Mwalimu Mkuu akatoa ile karatasi yake. Petronila, darasa la saba. Mimi, la pili. Nimelia chooni, sifichi.

Jumatatu, 14 Septemba
Darasa la pili tunahesabu vijiti. Wanafunzi wangu wa zamani wananisalimia wakitazama chini. Inauma. Lakini kanuni haina kosa, mlango ule ulikuwa mrefu kupita kiasi.
Jioni masista wa misheni ya jirani wameomba watengenezewe bomba la moshi la jiko lao. Nimewasihi wasimsumbue Manirakiza. Nimeshapiga hesabu mwenyewe: ubavu, juu na chini. Na safari hii juu na chini nitaziba mwenyewe, pasibaki tundu hata moja!