Bangili na Pampu ya Mgodini

Jumatatu, 3 Machi
Wachimbaji wamegoma siku ya tisa. Dhahabu haitoki, bei imepaa. Nimeona mbali kuliko wote: mgomo ukiisha, bei itaporomoka. Nimechukua bangili ya mke wangu, aliyoachiwa na marehemu bibi yake, nikamuuzia sonara. Nitainunua tena kwa bei ya chini kabla ya Jumamosi, atakapoivaa kwenye harusi ya mdogo wake. Kinachobaki ni changu. Akili ni mali.

Jumanne, 4 Machi
Nahitaji habari za ndani. Nimempigia shemeji, kaka yake mke wangu, fundi wa pampu huko mgodini. Nimemwambia dada yake yu mahututi, aje haraka. Uongo mdogo tu.

Jumatano, 5 Machi
Shemeji amefika na mkoba wake wa spana, akamkuta mgonjwa anafua mablanketi. Alinitazama mpaka nikaanza kutafuta viatu. Hata hivyo akasema mgomo umeisha asubuhi. Nikatimua mbio kwa sonara.
Bei imepanda! Sonara akaeleza, bila haraka, kwamba pampu ya mgodini imeharibika, mashimo yamejaa maji, na fundi pekee anayeiweza amekwenda kumwona dada yake mgonjwa.


Alhamisi, 6 Machi
Nimembembeleza shemeji arudi kazini. Hataki, mpaka harusi ipite. Amesema mgeni njoo, mwenyeji apone, na mimi mwenyeji sionekani kupona.

Jumamosi, 8 Machi
Mke wangu amefungua kabati. Nikasema yote. Nilingoja kelele. Hakupiga. Alikaa kitandani akijishika mkono, akasema hakuwa na kitu kingine cha bibi. Niliona aibu, kweli. Harusini alificha mkono chini ya mtandio.

Jumapili, 9 Machi
Shemeji amerudi mgodini, pampu inafanya kazi, bei imeanza kushuka. Nikakimbilia kwa sonara. Bangili haipo! Mgodi haukuwa ukitoa kitu, akakosa dhahabu ya kufanyia kazi, akaiyeyusha Alhamisi. Zilitoka pete mbili za harusi. Jana nilizipigia makofi zikivishwa, mke wangu ubavuni. Nimekaa kwenye ngazi za duka saa nzima, mdomo wazi.
Lakini kosa lilikuwa pampu, si hesabu yangu. Shemeji amedokeza kwamba madereva wa malori ya mgodi wananung'unika. Wakigoma bei itapanda, kisha itashuka.
Mama mkwe ana hereni mbili nzito. Huzivua akienda kuoga.