Vita vya Leodegar na Kadi Iliyokataliwa Mara Mbili

Sogeeni, enyi watu wa Kiwalani na Mabibo, na ninyi wa Bunju mnaokaa mbali, sogeeni mkae vizuri. Na wewe Mola, unayemwona hata mchwa ndani ya gogo, unyooshe ulimi huu usizidishe neno wala usipunguze. Nitawasimulia habari za Leodegar mwana wa Alfonsi, mzaliwa wa Newala, mkazi wa Kiwalani, mchongaji wa mpingo, bwana wa patasi saba, jinsi alivyopambana na kadi ya benki siku ya Jumamosi, mwaka wa tisini na sita, kwenye maonesho ya kazi za mikono katika uwanja wa shule huko Kinondoni, na vita vikaisha kabla ya saa saba mchana.

Nchi ilikuwa imefungua milango. Soda za kopo ziliingia, televisheni ziliingia, na nyuma yake zikaingia kadi za plastiki, ambazo mtu alitoa moja mfukoni akaondoka na mali bila kugusa noti. Kamati ya maonesho ikaazima mashine ya kadi, moja tu kwa meza arobaini. Ilikuwa ya chuma, nzito kama pasi ya mkaa. Uliilaza kadi ndani yake, ukafunika karatasi tatu zenye kaboni, ukavuta mpini kwenda na kurudi, na namba zilizoinuka juu ya kadi zikajichapa karatasini. Ndipo karani aliposoma namba hizo kwa simu mpaka kwa wakala wa kadi mjini, na wakala akatoa hukumu. Jumamosi wakala huyo alifunga simu saa saba kamili, na baada ya hapo hata mfalme asingeuziwa kikapu.

Mlinzi wa mashine na simu alikuwa Rukaiya binti Mbwana, karani wa kamati, mwenyeji wa Kinondoni tangu babu wa babu yake, mwanamke asiyepandisha sauti kwa mtu.

Leodegar alikalia meza ya saba, karibu na lango, chini ya bati, mahali ambapo kila mgeni alipita akiwa bado na pesa na nguvu za miguu. Lakini kanuni ya kamati ilikuwa kali: meza isiyouza chochote mpaka saa saba ya siku ya mwisho, ndiyo Jumamosi ile, mwenyewe huihama, na maonesho yajayo hupangwa kule nyuma, ubavuni mwa vyoo. Na huyu shujaa wetu, kwa siku tatu, alikuwa hajauza hata kijiko. Jirani yake Mfaume, muuza ndala za shanga, alikwisha kuipima ile meza kwa shubiri.

"Braza Leo," alisema Mfaume asubuhi ile, "kule nyuma si kubaya. Watu lazima wapite."

Leodegar akajibu kwa utulivu, "Mfaume mwana wa Pazi, Mungu aliyenileta kwenye meza hii ndiye atakayeniondoa. Wewe shubiri zako zipeleke kwenye ndala."

Saa sita na robo akaingia langoni Mama Inga, mzungu mwenye mvi, aliyewahi kuchimba visima vya maji huko Mtwara miaka ya nyuma na kujifunza Kiswahili pole pole kama mtu anayepanda ngazi. Akasimama mbele ya kinyago kikubwa cha meza ya saba: watu kumi na wanane wamebebana juu kwa juu, kila mmoja na uso wake, kazi ya miezi saba.

"Nimekitafuta kitu hiki miaka mingi," alisema. "Ninaondoka leo jioni kwa ndege. Je, mnapokea kadi?"

"Tunapokea, mama," akasema Leodegar, ingawa hakuwahi kupokea hata moja.

Mama Inga akamkabidhi kadi yake, ya rangi ya bluu iliyokoza, naye Rukaiya akaitwa, akaja na mashine kifuani, akarudi tena ofisini kufuata karatasi. Hapo ndipo Leodegar alipobaki na kadi mkononi. Akapitisha kidole gumba juu ya zile namba zilizoinuka, na moyo wake ukamsifu aliyezichonga. Basi niambieni, enyi wasikilizaji, ni mchongaji gani wa mji huu aliyewahi kumrudishia mteja kitu bila kukipaka dawa ya viatu nyeusi na kukisugua mpaka king'ae? Mikono yake ilikuwa imefanya hivyo kwa miaka ishirini, haikumwomba ruhusa. Ikachovya kitambaa kwenye kopo, ikaipaka kadi mbele na nyuma, ikaisugua. Kadi ikang'aa kama goti la sanamu. Mama Inga hakuona, alikuwa akihesabu wale watu kumi na wanane.

Rukaiya akarudi. Akailaza kadi mashineni, akavuta mpini kwenda, akavuta kurudi. Akamrudishia mama kadi yake, akaenda na karatasi ofisini, na nyuma yake likafuata jeshi la watazamaji kutoka meza ya kwanza mpaka ya kumi na mbili. Akazungusha simu. Akasoma namba moja moja, kama anayesoma majina ya marehemu. Akasikiliza. Akaiweka simu chini.

Alipotoka hakulisema neno "imekataliwa" mbele za watu. Alimsogelea mgeni, akamwambia karibu na sikio, "Mama yangu, samahani. Kadi imechoka kidogo. Niruhusu nijaribu tena."

Akajaribu tena. Ikakataliwa tena.

Uso wa Mama Inga ukawa mwekundu mpaka shingoni. "Haiwezekani. Benki yangu inanifahamu. Sijawahi kudaiwa na mtu." Akafungua pochi, akatoa shilingi elfu tisa, nazo hazikutosha hata kumnunua mtu mmoja kati ya wale kumi na wanane. "Nimeona aibu sana," alisema.

"Kadi ya bibi imekata roho," akanong'ona Mfaume, kwa sauti iliyofika mpaka langoni. "Sista Rukaiya, andika meza saba, Mfaume. Ndala zangu hazihitaji simu."

"Mie saa yangu bado haijafika saba," Rukaiya akamjibu. "Nenda kakae na ndala zako."

Ilikuwa saa saba kasoro dakika ishirini. Leodegar akainamisha kichwa palepale kati ya vumbi na watu, akasali sala fupi ya mtu asiye na muda. Kisha akanyoosha mkono. "Dada Rukaiya, nipe niione hiyo karatasi."

Akaitazama muda mrefu. Akapitisha kidole gumba.

"Hapa," akasema, "umesoma nane."

"Ni nane, kaka. Nane mbili, na hapa nane nyingine."

"Na mimi nasema mchongaji wa kadi ile hakuchonga nane hata moja. Nilizishika kwa kidole hiki kabla hazijaingia mashineni. Kila moja ilikuwa namba tatu, wazi upande wa kushoto kama mlango wa kibanda. Nani amezifungia milango?"

Jeshi likaiinamia karatasi. Hapo Leodegar akaziona kucha zake mwenyewe, nyeusi kwa dawa ya viatu. Sasa tazameni ukubwa wa jaribu hili. Angeweza kusema mashine ni mbovu. Angeweza kuiomba kadi, akaifuta chini ya meza, na hakuna ambaye angejua. Mama yule angeondoka salama, ila akiamini benki yake ndiyo iliyomvua nguo mbele ya wauza ndala. Mfaume alikuwa akimtazama, akisubiri.

Leodegar akasimama wima.

"Mama Inga," alisema, "kadi yako haina kosa, na benki yako haina kosa. Ni mimi. Niliipaka dawa ya viatu. Dawa imejaa kwenye matumbo ya zile tatu, ndiyo maana karatasini zimetoka nane. Aibu uliyoibeba ni yangu, naomba unirudishie."

"Uliipaka dawa ya viatu?" aliuliza Mama Inga.

"Nilitaka ipendeze."

Mfaume alicheka mpaka akakalia ndala zake. "Jamani huyu mtu. Akija mteja na pasipoti, picha ya humo ataitoboa macho."

Lakini shujaa hakuwa na nafasi ya kumsikia. Aliipokea kadi, akamimina mafuta ya taa kwenye kitambaa akaifuta, akachomoa patasi ya saba, iliyo ndogo kuliko zote, ambayo huchongea kope. Mama Inga alipoiona ikishuka juu ya kadi yake akafumba macho akashika bega la Rukaiya. Patasi ikaingia tatu ya kwanza, ikatoka na chembe nyeusi ndogo kuliko mbegu ya ufuta. Ikaingia ya pili. Ikaingia ya tatu. Plastiki haikukwaruzwa.

Mpini ukaenda, mpini ukarudi. Rukaiya akakimbia, na inasemekana ilikuwa mara ya kwanza na ya mwisho kwa mtu kumwona akikimbia. Simu ikalia kwa wakala, ikalia, ikalia.

"Dada, ni wewe tena?" sauti ilisikika mpaka dirishani. "Nimeshavaa koti."

"Livue, kaka yangu. Tatu. Siyo nane, ni tatu."

Akasoma namba zote upya. Kisha Rukaiya akaanza kuandika, na kalamu ilipoanza kutembea kila mtu akajua.

"Imekubaliwa," alisema, naye alilisema neno hilo kwa sauti ya juu, saa saba kasoro dakika nne.

Hivyo ndivyo Leodegar mwana wa Alfonsi alivyoiokoa meza ya saba na kumwondolea mgeni aibu kwa kuivaa mwenyewe. Mama Inga akatia sahihi yake, akakikumbatia kinyago kama mtoto, na vazi lake likachukua weusi mpana kifuani, naye hakukasirika. Jioni ile kamati ikakutana, ikaongeza katika kitabu chake kanuni ya kumi na nne: "Muuzaji hataipaka kadi ya mteja kitu chochote." Rukaiya akaisoma mbele ya wote.

Leodegar akanyoosha mkono. "Na kuifuta kwa kitambaa kikavu?"

"Hapana, kaka Leo," akasema Rukaiya.

Nayo hiyo ikaandikwa.