Ombi la Kurudishiwa Ubovu wa Gari Langu

Kwa Mheshimiwa Kgosi Mothusiotsile, Chifu wa kijiji chetu,
Barazani.

Mheshimiwa,

Niwie radhi kwa kimya changu cha tangu mvua za kwanza. Sikuwa mgonjwa, wala sikuwa nimenuna. Sikuwa na malalamiko, kwa sababu gari langu lilikuwa bovu.

Sasa limepona, nami nashtaki.

Unalifahamu gari hilo kuukuu la kijani, la kupasulia mchanga, nililolinunua kwa mwindaji mmoja nilipostaafu ualimu. Kila asubuhi lilikataa kuwaka. Hewa ilikuwa ikipenya katika bomba la dizeli, stata ikikohoa na kunyamaza, nami nikipiga honi kuwaita wanaume waje kulisukuma. Katika mchanga wetu watu wawili hawatoshi. Inatakiwa kata nzima.

Mwezi uliopita honi ilikufa. Nikamwita Keneilwe, binti wa marehemu dada yangu, ambaye ni fundi wa magari mjini. Nilimwomba atengeneze honi tu. Alipofungua boneti akaona bomba nililolifunga kwa ukanda wa ngozi ya ng'ombe, alicheka hadi akakaa chini. "Mjomba, hili ni gari au kiatu?" Niliporudi kutoka dukani alikuwa amebadilisha bomba, stata na plagi za kupashia joto. Gari likawaka kwa ufunguo. Honi hakuigusa.

Madhara yake ni haya:

1. Mabwana wawili wa hapa kwetu, Rra Ditsele na Rra Mosweu, hawasemezani tangu fahali wa Mosweu abomoe zizi la Ditsele. Lakini nyuma ya gari langu walilazimika kuegemeza mabega pamoja, na mtu hawezi kusukuma huku amenuna, pumzi haimtoshi. "Sukuma, wewe! Au nguvu zote umempa fahali wako?" "Nilimpa yeye kwa kuwa wewe ulikuwa umelala!" Kutoka matusi walifika kwenye nguzo za zizi jipya, na walikuwa karibu kupeana mikono. Keneilwe akaikatiza kesi hiyo kwa spana.

2. Mama jirani, Mma Sebako, alikuwa akiwaletea wasukumaji chai na maandazi. Sasa ananisimamisha njiani: "Mwalimu, unga huu wote ataula nani?"

3. Ua wangu uko kimya. Tangu mke wangu afariki, sauti za watu wale ndizo zilizokuwa za kwanza kunifikia kila siku, tena zikinitania. Sasa nageuza ufunguo, injini inanguruma, nafika kisimani kabla ya kila mtu. Anayewahi hivyo husalimiana na punda.

4. Uzima unaambukiza. Rra Mosweu ameanza kuuliza kama trekta lake nalo linaweza kutibiwa. Tukinyamaza, msimu wa kulima utafika na hapatakuwa na mtu anayemhitaji mwenzake.

Kwa hiyo naomba baraza liamuru Keneilwe arudishe hewa katika bomba, pamoja na ukanda wangu. Kila gari zima liingialo kijijini likaguliwe na kupewa ubovu wa wastani. Na gari lako, Mheshimiwa, linalowaka kwa kitufe, litolewe betri kwa mwezi mmoja ili liwe mfano. Tutakuja kukusukuma kwa heshima zote.

Nisalimie Mama, watoto, wazee wa baraza, na yule mbwa wako mwekundu aliyeling'ata gurudumu langu la akiba. Simdai kitu.

Ni mimi, raia wako mwenye gari zima na ua mtupu,
Mwalimu Motlhabane Gabaake (mstaafu)

Baada ya kutia sahihi: Asubuhi hii, nilipotoka nyumbani ili nikuletee barua hii, nimewakuta wanaume wote uani. Honi ingali bubu. Mma Sebako, aliyechoshwa na unga wake, ndiye aliyewakusanya. Nikawaeleza kwamba gari ni zima, nikageuza ufunguo, likanguruma. Rra Ditsele akainama dirishani: "Mwalimu, lizime hilo. Tunaongea." Na Rra Mosweu nyuma yake: "Usiliwashe kabla sijamjibu huyu kuhusu nguzo zake!"

Nimelizima. Limesukumwa hadi kisimani, Keneilwe, aliyekuja jana kutoka mjini, akiwa kwenye usukani anacheka. Usimwadhibu. Nguzo zitachimbiwa Jumamosi, na fahali amesamehewa. Limebaki jambo moja wanalobishania: tuwe tunalisukuma likiwa limezimwa, kama ilivyo desturi, au linanguruma, ili tufike mapema. Wakiamua, nitakuandikia.