Mikataba Yangu ya Asali, ya Mtu Mmoja Mmoja

Jumatatu, 7 Juni 1948

Nimerudi nyumbani Isevya, Tabora, kutoka porini kwenye mizinga. Madebe kumi ya asali! Sita ya biashara, manne ya kupikia wanzuki, pombe yetu ya asali, ya harusi ya binti yangu Josepha. Unyanyembe nzima hakuna asali kama hii.

Eustace, muuza asali mwenzangu (mwenzangu kwa kazi tu), kaja kunialika. Eti wafanyabiashara wote tukae meza moja, tupatane viwango vya kubadilishana, sawa kwa kila mtu. Kasoma gazetini kwamba mataifa zaidi ya ishirini yamefanya hivyo Geneva. Nimemwambia Geneva hawana mizinga. Mimi napatana na mtu mmoja mmoja, faraghani, kama mwanamume.

Jumanne, 8 Juni

Ushindi! Mzee Salmini kakubali: debe la asali kwa gunia la chumvi ya Uvinza. Sharti dogo tu: nikimpa mwingine zaidi, na yeye nimwongeze vilevile. Nimekubali papo hapo.

Alasiri, Bi Zeyana: debe moja kwa jora la kaniki. Sharti lilelile! Naona ndio mtindo wa mjini. Nimekubali. Nimetembea kifua mbele mpaka Kitete na kurudi. Sikuwa na shughuli yoyote huko.

Alhamisi, 10 Juni

Mayala mwenye samli kagoma. Anataka madebe mawili, na sharti lilelile. Nimembana sana. Nimempa mawili. Nimemwomba asiseme kwa mtu. Mayala ana sauti ya kuitia ng'ombe.

Ijumaa, 11 Juni

Bi Zeyana kaja mwenyewe. Nimemwamkia shikamoo, kaitika marahaba, halafu: "Anselm mwanangu, debe langu la pili liko wapi?" Nimetoa. Nyuma yake Mzee Salmini. Nimetoa. Kumtuliza, nikamwongeza bonge la nta. Ukarimu!

Jioni Bi Zeyana kataka nta. Mayala kataka nta. Sina nta nyingine. Nikawapa debe moja moja la asali badala yake. Salmini akasema basi na yeye apate la tatu. Nikampa. Wale wawili wakasema Salmini ana matatu na nta juu. Nikawagawia debe la mwisho nusu kwa nusu.

Mke wangu Apolinaria kauliza wanzuki ya harusi itapikwa kwa nini. Nimemweleza kwamba wakubwa watatu wa Tabora wamegombania bidhaa yangu. Baadaye nimemsikia analia jikoni. Sikupenda.

Jumatatu, 14 Juni

Apolinaria kabeba karanga zake mpaka kwenye meza ya Eustace. Hakuniuliza! Karudi na madebe manne ya asali. Ya Eustace! Nimekataa kuionja. Nimeionja. Si mbaya.

Jumamosi, 26 Juni

Harusi! Wanzuki imesifiwa na kila mtu, hata wageni waliokuja kwa treni kutoka Tura. "Hongera, Baba Josepha!" Nimepokea hongera zote. Josepha alipendeza mno. Nimejifuta machozi kwa kaniki. Jora zima ninalo.

Eustace kaniambia kiti changu mezani bado kipo. Watu kumi na wanane, makubaliano mamoja. Nimekubali, kwa masharti yangu: napatana na kila mmoja wao peke yake. Kacheka mpaka kakaa chini. Wivu huo.

Jumatatu naanza na Koleta, muuza vyungu. Nimeshamwahidi kumpa zaidi ya mtu yeyote.